Jumba limekwama: tujenge nyumba ya watu au ya magari?

Wazee wetu walisema kutangulia si kufika, na hakuna mahali msemo huo unapojionyesha wazi kama katikati ya mji, penye jumba lililoanzwa kwa shangwe na kuachwa njiani. Mwanzo huwa ni tarumbeta na hotuba. Utepe hukatwa, wakubwa hupigwa picha wakiwa wamevaa kofia za plastiki na kushika sepeto ambazo hawatazishika tena, na ubao mkubwa hutundikwa ukionyesha baba, mama na watoto wawili wakitabasamu kwenye roshani. Baada ya miaka mitatu ubao umepauka, mama wa pichani amechanika uso, kreni imeganda angani na jumba ni mifupa mitupu. Waswahili huita nyumba ya namna hiyo gofu.

Msomaji mpenzi, huenda ukauliza magofu ya saruji yanahusiana vipi na ukurasa wa jamii. Yanahusiana sana. Ndani ya kila ghorofa iliyokwama mna akiba ya mtu: mwalimu aliyechukua mkopo wa chama cha ushirika, binti anayefanya kazi Uarabuni na kutuma kidogo kidogo, mzee aliyetoa malipo yake yote ya uzeeni. Na jumba hilo likibahatika kupata tajiri mpya wa kulimaliza, vita vya kwanza havizuki juu ya ukubwa wa jikoni wala mahali pa watoto kuchezea. Huzuka juu ya magari: yataegeshwa wapi, mangapi, na kwa pesa za nani?

Hebu tusafiri kidogo mpaka Los Angeles, Marekani, mji uliolipenda gari kama mtoto wa kwanza. Katikati ya mji huo, kwenye barabara ya Figueroa, mkabala na ukumbi mkubwa wa michezo na tamasha uitwao Crypto.com Arena, palikuwa na kiwanja kipana cha kuegesha magari. Kampuni ya Oceanwide kutoka China ilikinunua, na mwaka 2015 ikaanza kujenga hapo minara mitatu, Oceanwide Plaza. Zilikusudiwa nyumba zaidi ya 500 za kuuza, hoteli ya kifahari na maduka chini yake. Gharama ilitajwa kuwa dola bilioni 1 hivi. Januari 2019 pesa zilikatika, mafundi wakafunga virago, na kazi ikasimama.

Kwa miaka mitano minara ile ilikaa hivyo hivyo. Mwanzoni mwa 2024 vijana walipenya usiku, wakapanda ngazi na kuandika majina yao kwa rangi za kupuliza, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka ghorofa zaidi ya 20 zikawa zimechafuliwa, au zimepambwa, inategemea unamuuliza nani. Wengine waliruka kutoka juu kwa parachuti. Februari mwaka huo, wanamuziki mashuhuri walipokusanyika ng'ambo ya barabara kupokea tuzo za Grammy, gofu lilikuwa likiwatazama. Baraza la mji lililazimika kutenga dola milioni 3.8 za walipa kodi ili kulizungushia ua na kulilinda, na wadai wakaipeleka kampuni iliyolimiliki katika mahakama ya kufilisi. Mji tajiri, nchi tajiri, na watu wasio na makao wakilala kwenye mahema mitaani, huku nyumba zaidi ya 500 zikilala bila mtu!

Kwa nini gofu ni gumu kumalizwa? Wengi hudhani ni suala la kutafuta tajiri mwingine na kununua saruji. La hasha. Shida ya kwanza ni madeni. Mkandarasi anadai, aliyeuza chuma anadai, benki inadai. Katika lile jumba la Los Angeles walikuwamo hata wawekezaji wa kigeni waliotoa pesa zao kwa matumaini ya kupata kibali cha kuishi Marekani. Kila mmoja anataka alipwe kwanza, na sheria huwaruhusu kulishika jengo mpaka walipwe. Mnunuzi mpya akichungulia anaona kwamba shilingi yake ya kwanza haitanunua hata tofali moja. Itakwenda kuzima kesi za zamani.

Shida ya pili ni kwamba jengo lililo wazi huoza. Maji hutuama chini ya ardhi, chuma kilichochomoza hushika kutu, nyaya na mabomba huibwa, na mhandisi hawezi kutia sahihi yake mpaka apime zege upya. Shida ya tatu ni kwamba ulimwengu nao haukungoji. Ramani iliyochorwa wakati benki zikigawa mikopo kama njugu huenda isimfae mtu yeyote miaka kumi baadaye. Nyumba za vyumba vinne zilizokusudiwa matajiri hazina mnunuzi, na wanaohitaji kuishi mjini ni vijana wanaoanza kazi, wauguzi wa zamu za usiku na wazee waliobaki wawili baada ya watoto kuondoka.

Lakini inawezekana. Chicago, kando ya mto na barabara ya Wacker, ulianza kujengwa mnara uliokusudiwa kufika ghorofa 92, wenye hoteli na nyumba za kuuza. Mwaka 2008, uchumi ulipoporomoka, ulisimama kwenye ghorofa ya 26. Ulikaa hivyo miaka kadhaa, aibu ya mtaa mzima. Mwaka 2011 kampuni nyingine, Related Midwest, ililinunua gofu hilo, ikatupilia mbali ndoto ya ghorofa 92, ikaleta wasanifu wapya na kuchora mnara wa ghorofa 60 juu ya mifupa ile ile. Hoteli iliondolewa, na badala ya nyumba za kuuza zikawa nyumba zaidi ya 500 za kupangisha. Mwaka 2014 watu walihamia. Leo jengo hilo huitwa OneEleven, na mpita njia hawezi kujua kwamba shina lake liliwahi kuwa gofu. Siri yake ilikuwa unyenyekevu: aliyelifufua hakung'ang'ania ramani ya marehemu.

Hapo ndipo mdahalo wa magari unapoingia. Jumba likishasimama, shimo lake la chini limekwisha kuchimbwa. Huwezi kuchimba jingine chini ya mnara kama unavyochimba kisima uani. Maegesho yaliyopo ndiyo yaliyopo. Sasa tuseme mwenye jumba mpya anataka kuzigawa zile nyumba kubwa ziwe ndogo, ili mtu wa mshahara wa kawaida aweze kulipa kodi. Nyumba 200 zinakuwa 400. Na kama sheria ya mji inasema kila nyumba iwe na nafasi ya gari, basi hizo nafasi 200 zaidi zitatoka wapi? Ama apunguze nyumba, ama ageuze ghorofa kadhaa za watu ziwe ghorofa za magari, ama aondoke na kuliacha gofu liendelee kuwa gofu. Sheria iliyotungwa kulisaidia gari inamfungia mtu mlango.

Tena gari si mgeni mdogo. Nafasi moja ya kuegesha, pamoja na njia ya kuingilia na kugeuzia, hula mita za mraba kati ya 25 na 30. Bedsita nyingi za mjini hazifiki ukubwa huo. Kwa maneno mengine, gari linalolala tu hapo usiku kucha linatengewa sakafu kubwa kuliko mwanafunzi wa chuo anayesoma, kupika na kulala katika chumba kimoja.

Karakana kwanza, muziki baadaye

Kisa kingine ni cha mji huo huo wa Los Angeles. Mwaka 1987 Bi Lillian Disney, mjane wa yule mtengenezaji filamu za katuni, alitoa dola milioni 50 ili mji ujengewe ukumbi wa muziki kwa kumbukumbu ya mumewe. Mnajua kilichojengwa kwanza? Maegesho! Serikali ya kaunti ilikopa dola milioni 110, ikachimba ghorofa sita chini ya ardhi zenye nafasi za magari 2,188. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1996. Ukumbi wenyewe? Pesa zilikuwa zimeadimika. Juu ya yale maegesho hapakuwa na zumari wala fidla. Ujenzi wa ukumbi ulianza mwaka 1999 na milango ikafunguliwa mwaka 2003. Bi Disney alikuwa amefariki mwaka 1997, na muziki hakuusikia.

Fanya hesabu, msomaji. Dola milioni 110 ukizigawa kwa nafasi 2,188 unapata dola 50,000 na ushei kwa kila gari moja. Na kwa sababu deni lilipaswa kulipwa, mkataba uliwataka wanamuziki wapige maonyesho yasiyopungua 128 kila msimu ili magari yaje na walipe. Maegesho yakawa bwana, muziki ukawa mtumwa.

Aliyekieneza kisa hicho duniani ni Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyefariki Februari 2025. Mwaka 2005 alichapisha kitabu kinene kuhusu gharama ya maegesho yanayoitwa ya bure. Hoja yake inaeleweka hata na muuza mboga wa Marikiti: hakuna maegesho ya bure. Kama dereva halipi, basi analipa mtu mwingine. Analipa mpangaji katika kodi yake, analipa mnunuzi dukani katika bei ya sukari, analipa hata mama anayekuja kwa miguu na kikapu kichwani. Asiye na gari anamgharamia mwenye gari, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Miji mingi imelisikia neno hilo. London iliacha mwaka 2004 kuwalazimisha wajenzi kuweka idadi fulani ya maegesho, ikawekea kikomo cha juu badala yake. Jiji la Mexico na mji wa Buffalo nchini Marekani zilifuata mwaka 2017. California yenyewe ilipitisha sheria mwaka 2022, ikaanza kutumika Januari 2023, kwamba karibu na kituo kikubwa cha treni au basi, yaani umbali wa mita 800 hivi, mji usimlazimishe mjenzi kuweka maegesho. Tafadhali elewa vizuri: sheria hiyo haikukataza maegesho. Mjenzi akiona yanahitajika, ayajenge. Kilichoondolewa ni amri.

Upande wa pili una haki yake

Lakini si haki kuwacheka wanaodai maegesho, kana kwamba wote ni watu wa anasa. Mtoto akishikwa na homa saa nane za usiku, mzazi hasubiri basi. Mwenye ulemavu anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kutembea mitaa mitatu kutoka alikoacha gari. Mwanamke anayetoka kazini usiku ana sababu nzuri ya kutaka kushuka ndani ya lango na si gizani. Fundi bomba na muuzaji wa jumla hubeba riziki yao ndani ya gari. Na wakazi wa zamani wa mtaa wana hofu ya kweli: jumba la nyumba 400 likifunguliwa bila maegesho, magari hayatayeyuka. Yatajaa mbele ya malango yao, juu ya njia za wapita kwa miguu, na zimamoto haitapata pa kupita.

Isitoshe, benki nazo zina la kusema. Mara nyingi ndizo zinazokataa kumkopesha mjenzi asiyeonyesha maegesho, kwa kuhofia kwamba nyumba hazitanunuliwa. Kwa hiyo kuifuta sheria peke yake hakutoshi kulifufua gofu.

Tukirudi kwetu Nairobi, mambo haya si mageni. Wenye kumbukumbu wanajua jinsi mwaka 1989 palivyotangazwa mpango wa kujenga mnara wa ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park. Haukuwa wa makazi, ulikuwa wa ofisi za chama tawala na gazeti lake, lakini ndani yake mlitengwa nafasi za magari 2,000, katika bustani ambayo watu wasio na magari hupumzikia Jumapili kama hii. Marehemu Profesa Wangari Maathai alisimama akapinga, akatukanwa, akaendelea kupinga, na mradi ukaachwa. Na wengi wetu tumepita mara nyingi chini ya jengo la Hazina la NSSF, lililokaa miaka na miaka bila kukamilika huku supermaketi ikifanya biashara chini yake.

Kuhusu kuegesha, sote twakumbuka makelele yaliyozuka mwaka 2013, kaunti ilipopandisha ada ya siku kutoka shilingi 140 hadi 300. Kila mtu alilia, kutoka wenye maduka mpaka madereva. Lakini wengi wa wakazi wa mji huu huenda kazini kwa miguu na kwa matatu, na sauti yao haikusikika katika kelele hizo. Asiyekuwapo na lake halipo.

Basi tufanyeje jumba lililokwama linapotafutiwa mwokozi? Maoni yangu ni haya. Kwanza, mji usiue nyumba kwa ajili ya gari. Penye steji ya matatu au kituo cha treni hatua chache kutoka mlangoni, maegesho yaliyokwisha kuchimbwa yatosheke, na kila ghorofa inayofaa kukaliwa ikaliwe na watu. Pili, bei ya nyumba na bei ya maegesho zitenganishwe. Anayetaka nafasi ya gari ainunue au aikodi peke yake. Asiye na gari asitozwe. Utashangaa jinsi watu wanavyogundua kwamba wanaweza kuishi na gari moja badala ya mawili, pindi wanapoonyeshwa bei yake ya kweli. Tatu, nafasi za walemavu, za wagonjwa na za kushushia mizigo ziwekwe kwanza na zisiuzwe kwa yeyote, hata kama ni mheshimiwa. Nne, mtaa wa jirani ulindwe: wakazi wapewe vibali vya kuegesha kwao, njia za wapita kwa miguu ziwekwe vizuizi, na anayeziba njia ya zimamoto afungwe mnyororo gurudumuni bila kuulizwa yeye ni nani.

Haya yote yana sharti moja. Ni lazima usafiri wa umma ufanye kazi, na njia iwe na taa. Ukimwambia mama aache gari, kisha umwache asimame steji gizani nauli ikiongezwa maradufu kwa sababu mvua imenyesha, utakuwa umemwonea mara mbili.

Kabla hujatoa hata senti

Nisingependa kumaliza bila kusema na wewe unayeweka akiba ili ununue nyumba kwa kuonyeshwa ramani tu, ama katika jumba jipya, ama katika gofu linalofufuliwa. Uliza maswali haya, na usione haya kuyauliza mbele ya watu.

Ardhi ni ya nani, na kuna kesi? Nenda ukatazame rekodi za ardhi mwenyewe au umtume wakili wako, si wakili wa muuzaji. Kama jengo liliwahi kusimama, lilisimama kwa nini, na wadai wa zamani wamekwisha lipwa? Mhandisi aliyepima zege upya ni nani, na ripoti yake iko wapi? Pesa zako zitakaa katika akaunti gani, na zitatolewa kazi ikiwa imefika wapi? Je, utapata hatimiliki ya nyumba yako mwenyewe, kama inavyoruhusiwa na sheria ya nyumba za pamoja ya mwaka 2020, au utapewa karatasi ya ahadi?

Halafu uliza juu ya lile gari. Nafasi ya kuegesha imeandikwa kwenye mkataba, au imetajwa tu kwa mdomo na kijana wa mauzo mwenye tai? Ni yako daima, au ni ya atakayewahi kufika jioni? Ni nyumba ngapi, na nafasi ngapi? Kama nyumba ni 120 na nafasi ni 60, si dhambi, mradi ujue mapema na bei ionyeshe hivyo. Ugomvi mwingi wa majirani katika fleti zetu hauanzi kwa kelele za redio wala maji ya nguo yanayodondoka. Huanza kwa gari lililoziba gari jingine saa kumi na mbili asubuhi, watoto wakiwa wamechelewa shule.

Jumba lililokwama ni deni la mji mzima, na linapofufuliwa tunapewa nafasi ya kuchagua upya. Tukichagua kwa busara, siku moja taa zitawaka katika madirisha yale, harufu ya kitunguu itashuka ngazini, na watoto watakimbizana mahali palipokuwa pakilala popo. Tukishindwa kukubaliana juu ya magari, popo wataendelea kulala bure, na sisi tutaendelea kulipa kodi mbali na mji na nauli ya kwenda na kurudi.

Wewe unayeishi kwenye fleti zisizo na maegesho ya kutosha, mmeafikiana vipi na majirani? Niandikie kupitia kwa Mhariri, na barua zitakazofaa tutazijadili hapa. Mpaka Jumapili ijayo, Mola akitujalia, kwaherini.